Bima ya mashambulizi ya mtandao kwa taasisi za Arusha na Moshi: mwongozo kamili wa kuikata, kuisoma na kuidai

Mwizi wa kampuni ya utalii siku hizi hahangaiki na kufuli. Anaingia kwenye barua pepe ya ofisi na kukaa kimya akisoma mazungumzo, mpaka ajue mgeni yupi anatoka Ujerumani, anapanda mlima tarehe ngapi na bado anadaiwa salio kiasi gani. Siku ya kulipa ikikaribia, mgeni anapokea invoisi ile ile aliyoizoea, yenye nembo ile ile na "karibu sana" ile ile, ila namba ya akaunti imebadilika. Analipa. Wiki mbili baadaye anatua KIA na familia yake akiwa na risiti ya benki mkononi, na ofisi ya Arusha haijaona hata senti.

Hasara hiyo ni ya nani? Swali hilo ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu, kwa sababu wenye kampuni wengi hudhani bima ya mtandao italijibu yenyewe. Mikataba mingi hailijibu mpaka mnunuzi ameliuliza kwa maandishi kabla ya kulipa. Ninawaandikia wenye kampuni za safari na za kupandisha wageni mlimani, bodi za SACCOS, wakuu wa shule binafsi, hospitali na zahanati, wauzaji kahawa nje na mashirika yasiyo ya kiserikali, yaani kila anayetunza pesa au taarifa za watu kwenye kompyuta.

Bima hii inalipa nini

Ina pande mbili. Upande wa kwanza ni hasara yako mwenyewe: gharama za wataalamu wa kuchunguza udukuzi, kurudisha mafaili, kuwajulisha wateja ambao taarifa zao zimevuja, faida uliyoikosa ofisi ilipokuwa imesimama, na pale ambapo sheria inaruhusu na kampuni ya bima imekubali, kikombozi wanachodai wadukuzi. Upande wa pili ni madai ya wengine: mteja anayekushtaki kwa sababu nakala ya pasipoti yake imezagaa, au wakala wa Ulaya anayesema uzembe wako ndio uliompotezea wateja.

Upande huu wa pili umepata uzito nchini tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilipoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ukikusanya taarifa binafsi unatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kuzilinda, na kuijulisha Tume usalama wake unapovunjwa. Tume ina mamlaka ya kutoza faini. Fomu ya afya unayomjazisha mgeni kabla ya kupanda Kilimanjaro, yenye habari za moyo wake, kisukari chake na dawa anazomeza, ni taarifa nyeti kisheria. Nimeona fomu za namna hiyo zikitumwa kwenye kundi la WhatsApp la waongozaji, na zinabaki humo miaka.

Hatua ya kwanza: fuata njia ya pesa na ya taarifa

Kabla ya kumpigia wakala yeyote, chukua karatasi. Andika pesa inaingiaje na inatokaje. Kwa kampuni ya utalii njia huwa hivi: mgeni anaulizia kwa barua pepe, anatumiwa bei, anatanguliza malipo kwa benki au kwa kadi, anamalizia salio, kisha ofisi inalipa ada za hifadhi kwa kontroli namba, inalipa loji na mafuta, inawalipa waongozaji, wapishi na wagumu (wapagazi) kwa simu. Kila mshale kwenye karatasi hiyo ni mahali ambapo mtu anaweza kujipenyeza. Uliza kwenye kila mshale: nani anaweza kubadilisha namba ya akaunti hapa, na nani atagundua?

SACCOS ya Moshi ina ramani tofauti. Hatari yake kubwa ipo kwenye daftari la wanachama lililo ndani ya programu, kwenye kiungo kati ya programu hiyo na pesa za simu, na kwa mtu wa ndani mwenye nywila ya msimamizi. Hapo kuna jambo la kuangalia mapema: wizi unaofanywa na mfanyakazi wako mwenyewe mara nyingi haumo kwenye bima ya mtandao. Unakingwa na bima nyingine, ile ya uaminifu wa wafanyakazi. Bodi ikikata moja ikidhani imekata zote mbili, itagundua kosa siku ya madai.

Kisha piga hesabu ya kusimama. Tuseme kampuni yako inaingiza shilingi milioni 120 mwezi wa Agosti. Katika hizo, milioni 80 ni ada za hifadhi, loji, chakula na mafuta, gharama ambazo usipompeleka mgeni hulipi. Inabaki milioni 40, karibu milioni 1.3 kwa siku. Mfumo ukifungwa siku 10, faida unayokosa ni kama milioni 13. Hiyo milioni 13 ndiyo ya kudai, maana bima ya kusimama kwa biashara hulipa faida iliyokosekana pamoja na gharama zisizokoma kama kodi ya pango na mishahara. Hailipi mauzo yote. Juu yake weka gharama ya wataalamu na ya kurudisha mafaili. Rudia hesabu hiyo kwa mwezi wa Aprili, wakati mvua za masika zimefunga barabara za kambi na wageni ni wa kuhesabu. Utaona kwamba wastani wa mwaka mzima unakudanganya, na kwamba kiwango cha fidia unachokihitaji ni kile cha msimu wa Juni hadi Oktoba.

Hatua ya pili: rekebisha yanayorekebishika

Kampuni za bima zitakuuliza kuhusu ulinzi wako, na majibu yako yataamua kama utapokelewa na kwa ada gani. Kwa hiyo anza na manne haya, ambayo mengi hayahitaji pesa kubwa.

Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na namba ya siri ya muda mfupi, kwenye barua pepe zote za ofisi, kwenye benki ya mtandaoni na kwenye programu ya uhasibu. Nasema zote, ikiwemo ya mkurugenzi, ambaye ndiye huomba asisumbuliwe na namba hizo za kuingilia, na ndiye ambaye wezi humtafuta kwanza. Tumia programu ya kutoa namba hizo kwenye simu badala ya ujumbe mfupi pale inapowezekana, kwa kuwa laini ya simu inaweza kubadilishwa, tapeli akapokea namba zako.

Weka nakala rudufu tatu za mafaili muhimu, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja iwe nje ya ofisi, haijaunganishwa na chochote. Ile isiyounganishwa ndiyo yenye thamani. Kampuni ya meli ya Maersk ilipopigwa na kirusi cha NotPetya mwezi Juni 2017, seva zake za utambulisho wa watumiaji duniani kote zilifutika, na nakala moja nzima iliyosalia ilipatikana Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko na seva ile haikuwa kwenye mtandao wakati kirusi kinapita. Kampuni kubwa namna ile iliokolewa na kukatika kwa umeme. Wewe usisubiri bahati: nunua diski mbili za nje, zipishane kila wiki, moja ikae nyumbani kwa mtu unayemwamini. Na mara moja kwa robo mwaka jaribu kurudisha mafaili kutoka kwenye diski hiyo, maana nakala ambayo haijawahi kujaribiwa mara nyingi hugundulika ni mbovu siku inapohitajika.

La tatu ni kusasisha Windows na programu nyingine kwa wakati, na kuachana na programu zisizo na leseni halali. Kompyuta za ofisi nyingi za mjini zimewekewa Windows ya kuchongwa na fundi wa dukani. Zinafungulia mlango virusi, na kwenye mgogoro wa bima zinampa mkadiriaji hasara sababu ya kukugeuka.

La nne ni kanuni ya simu: akaunti mpya ya benki hailipwi mpaka mtu amepiga simu kwa namba iliyokuwepo kwenye kumbukumbu zetu kabla ya barua pepe hiyo kufika. Namba iliyoandikwa ndani ya barua pepe yenyewe haihesabiki. Na mgeni naye aambiwe tangu mawasiliano ya kwanza, kwa maandishi: "Hatubadilishi akaunti kwa barua pepe. Ukiona mabadiliko, tupigie kabla ya kulipa." Sentensi hiyo ikae chini ya kila invoisi. Kama huna uwezo wa kufanya lolote jingine lililoandikwa humu, fanya hili.

Hatua ya tatu: fomu ya maombi ichukuliwe kama kiapo

Hapa ndipo ningependa usome polepole, kwa sababu madai mengi huanza kufia hapa, miezi kabla ya shambulio.

Bima yote inasimama juu ya kanuni ya nia njema kabisa: unayeomba unatakiwa kueleza kweli yote inayohusu hatari unayotaka ikingwe. Ukitoa jibu lisilo la kweli, kampuni ya bima inaweza kuomba mkataba ufutwe tangu mwanzo, kana kwamba haukuwahi kuwepo. Kuna kesi ya Marekani inayopaswa kujulikana na kila mhasibu. Mwezi Mei 2022 kampuni ya International Control Services ilishambuliwa na kirusi cha kudai kikombozi, ikaomba fidia kwa kampuni ya bima ya Travelers. Wachunguzi wakakuta kwamba fomu ilisema uthibitisho wa hatua mbili unatumika kwenye mifumo yao, kumbe ulikuwa kwenye ukuta wa ulinzi wa mtandao peke yake, seva hazikuwa nao. Travelers ikaenda mahakamani mwezi Julai, na kabla Agosti haijaisha pande zote mbili zikakubaliana kwamba mkataba ni batili. Ada ilishalipwa na shambulio lilishatokea, lakini fidia haikuwepo.

Sasa lete jambo hilo Njiro ya Arusha au Shanty Town ya Moshi. Fomu imekuja kwa Kiingereza, kurasa sita. Wakala ana haraka, anamwambia mhasibu: "Dada, we tiki tu ndiyo zote hizo, ni utaratibu." Swali la tisa linauliza kama uthibitisho wa hatua mbili umewashwa kwa watumiaji wote wa barua pepe. Mhasibu anaujua wa kwake, umewashwa. Hajui kwamba anwani ya "info" inafunguliwa na watu watano kwa nywila moja iliyobandikwa kwenye ubao. Anatiki ndiyo. Tiki hiyo moja inaweza kuubomoa mkataba wote.

Fanya hivi badala yake. Kaeni watatu: mwenye kampuni, mhasibu, na fundi wa kompyuta. Kila swali lijibiwe baada ya kufungua mfumo na kuangalia. Piga skrinshoti ya kila mpangilio unaothibitisha jibu, iandike tarehe, uihifadhi pamoja na nakala ya fomu. Pale jibu la kweli ni hapana, andika hapana, kisha ongeza mtarekebisha lini. Hapana iliyoelezwa vizuri inaweza kukuongezea ada kidogo au kukuwekea sharti. Ndiyo ya uongo inakuachia karatasi isiyolipa. Na kama swali halieleweki, mwandikie wakala akujibu kwa maandishi. Usikubali ufafanuzi wa mdomo.

Tukio lililokwisha kutokea nalo litajwe. Kama mwaka jana barua pepe ya mtu wa mauzo iliingiliwa mkabadilisha nywila mkaendelea na kazi, hilo ni tukio.

Hatua ya nne: kutafuta wa kukuuzia

Hakikisha leseni yake kwanza. Msimamizi wa soko ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa Arusha unayoweza kuifikia kwa miguu yako na kuuliza. Jua pia unaongea na nani: wakala anaiwakilisha kampuni ya bima, dalali anakuwakilisha wewe mteja na anaweza kuzunguka soko. Kwa bima ya mtandao mimi ningetumia dalali. Mikataba hii haifanani kama ile ya magari, na tofauti ya aya moja inaweza kubeba mamilioni.

Mara nyingi kampuni ya bima ya hapa haibebi hatari hii peke yake. Huipeleka kwenye bima mtawanyo, yaani kwa kampuni nyingine zinazoikinga kampuni ya bima yenyewe, na maneno ya mkataba huwa yametungwa kwa kufuata soko la London. Ndiyo maana muulize dalali: maneno ni ya nani, na je, nikiomba kifungu kibadilishwe, nani anayeamua? Uliza pia kama huu ni mkataba unaojitegemea au ni nyongeza kwenye bima ya moto na mali. Nyongeza huwa nyembamba. Na uliza kama kuna simu ya dharura ya saa 24 na timu ya wachunguzi waliokwisha kuteuliwa. Ofisi ya watu wanane iliyofungiwa mafaili Jumamosi usiku, timu hiyo itaifaa kuliko hundi itakayokuja miezi baadaye.

Kwenye bei, ongeza VAT ya asilimia 18 juu ya ada. Na usijihesabu umekingwa mpaka ada imelipwa na hati iko mikononi.

Hatua ya tano: soma mkataba, ukianzia nyuma

Anza na mambo yasiyokingwa, kisha jedwali la viwango, na mwisho ndipo usome ahadi za ukurasa wa kwanza.

Udanganyifu wa malipo. Rudi kwa mgeni wa Ujerumani. Kuna hali mbili zinazofanana kwa macho lakini kimkataba ni vitu viwili. Ya kwanza: mhasibu wako anadanganywa, analipa pesa za kampuni kwa loji bandia. Pesa iliyopotea ni yako. Ya pili: mgeni anadanganywa kwa invoisi iliyotoka, au kuonekana imetoka, kwenye barua pepe yako. Pesa iliyopotea ni ya mgeni, haikuwahi kufika kwako. Mikataba mingi inayokinga udanganyifu inataja ya kwanza tu, tena kwa kiwango kidogo kilichotengwa pembeni, mbali na kile kikubwa kilichoandikwa mbele. Mkataba wa shilingi milioni 500 unaweza kuwa na milioni 25 tu kwa jambo hili. Kwa kampuni za Arusha na Moshi, hali ya pili ndiyo inayouma. Kwa hiyo mwandikie dalali swali hili neno kwa neno: "Mdukuzi akiingia kwenye barua pepe yetu akabadilisha akaunti kwenye invoisi, mteja akamlipa yeye, je, mkataba unatulipa sisi ile pesa ambayo mteja alitakiwa kutulipa, na kwa kiwango gani?" Jibu likiwa hapana, omba kifungu kiongezwe na ujue bei yake. Angalia pia sharti lake. Wengi hulipa endapo tu ulithibitisha mabadiliko kwa simu, na kama hukupiga simu hulipwi.

Kipindi cha kusubiri. Kusimama kwa biashara huanza kuhesabiwa baada ya saa kadhaa, mara nyingi 8 au 12. Kwa kampuni ya safari hilo linavumilika. Kwa hospitali au SACCOS siku ya mikopo, lijadili.

Tarehe ya nyuma. Mdukuzi anaweza kuwa aliingia miezi kabla hujakata bima. Mkataba ukisema unakinga tu uingiliaji ulioanza baada ya tarehe fulani, shambulio lililogundulika leo linaweza kukosa fidia kwa sababu mlango ulifunguliwa mwaka jana. Omba tarehe hiyo irudishwe nyuma kadiri inavyowezekana.

Umeme na intaneti. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilizo chini ya bahari zilikatika, na Tanzania ikakaa na intaneti ya kusuasua kwa siku kadhaa. Biashara nyingi ziliumia. Mikataba ya mtandao kwa kawaida haikingi kabisa kukatika kwa umeme, simu au intaneti ya umma, wala kufungwa kwa huduma kwa amri ya mamlaka. Usinunue bima hii kwa ajili hiyo. Nunua laini ya pili ya mtoa huduma mwingine na betri.

Mtoa huduma wako akianguka. Ofisi nyingi zinategemea mfumo wa kuhifadhi nafasi ulioko kwenye seva za mtu mwingine. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya programu za kulinda kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, na hakukuwa na mdukuzi yeyote. Mkataba unaokinga "shambulio" peke yake haulipi siku kama ile. Tafuta maneno yanayokinga pia hitilafu ya mfumo, na yanayotaja watoa huduma unaowategemea.

Vita. NotPetya iliikumba pia kampuni ya dawa ya Merck, ikadai karibu dola bilioni 1.4, na kampuni za bima zikajitetea kwamba lile lilikuwa tendo la vita. Mahakama ya rufaa ya New Jersey iliwakatalia Mei 2023, na waliosalia wakamalizana na Merck Januari 2024. Soko lilijifunza: Lloyd's, soko kubwa la bima la London, iliagiza kwamba kuanzia 31 Machi 2023 mikataba ya mtandao inayojitegemea iwe na kifungu cha kutokinga mashambulizi yanayoungwa mkono na dola. Soma kifungu hicho kinasema nani anatakiwa kuthibitisha kwamba nyuma ya shambulio kulikuwa na serikali. Ukibebeshwa wewe mzigo huo, kataa.

Kikombozi na faini nitavipitia upesi. Kikombozi hakilipwi bila idhini ya kampuni ya bima, na ukijilipia kwa hofu usiku wa manane huenda usirudishiwe. Faini za mamlaka hukingwa pale tu sheria inaporuhusu zikatiwe bima, kwa hiyo usizihesabu.

Angalia mwisho sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Ikiwa kampuni yako inakosa milioni 13 kwa tukio baya, na mkataba unakutaka ubebe milioni 10 za kwanza, unalipa ada ili ukingiwe milioni 3.

Kwa ofisi ya watu watatu au wanne ambayo ada inaielemea, maoni yangu ni haya: maliza hatua ya pili yote, kisha omba mkataba mdogo wenye vitu viwili tu, udanganyifu wa malipo kwa pande zote mbili na gharama za wachunguzi. Kiwango kikubwa cha madai ya wengine kinaweza kusubiri mpaka biashara ikue, isipokuwa kama unatunza taarifa za afya.

Hatua ya sita: saa za kwanza za tukio

Kama pesa imekwenda, piga simu benki kabla ya mtu mwingine yeyote na uombe malipo yazuiwe na kurudishwa. Kisha mteja naye apigie benki yake. Hapa saa zina maana, kesho yake pesa huwa zimeshatawanywa. Ulaghai uliotumia namba ya simu, tuma taarifa TCRA kupitia 15040.

Pili, simu ya dharura ya kampuni ya bima. Mikataba inataka ujulishe mapema, na mingine hailipi gharama za fundi uliyemleta bila wao kujua. Chomoa kompyuta zilizoathirika kwenye mtandao lakini usizizime na wala usizifute. Fundi wa mtaani atakwambia, "Mama, tupige Windows upya, nusu saa tu kazi inaendelea." Ukimkubalia amefuta ushahidi, na pengine na fidia yako.

Ripoti polisi upewe namba ya jalada. Udukuzi ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kampuni ya bima itaidai namba hiyo. Taarifa binafsi zikiwa zimeguswa, ijulishe Tume. Wateja wajulishwe pia, kwa ukweli na upole, lakini usiandike "ni kosa letu, tutakulipa" kabla ya kuzungumza na bima; mikataba hukataza kukiri wajibu bila idhini. Na tangu dakika ya kwanza mtu mmoja awe na daftari la karatasi, aandike saa, nani alipigiwa na alijibu nini.

Mambo haya yote yachapishwe kwenye karatasi moja ibandikwe ndani ya kabati la mhasibu: namba ya mkataba, simu ya dharura, simu ya benki, simu ya dalali. Mkataba wenyewe usikae kwenye barua pepe. Barua pepe ikifungwa hutaweza kuusoma, na mdukuzi akiukuta atajua kiwango chako cha fidia na kudai kikombozi kinacholingana nacho.

Hatua ya saba: madai na mgogoro

Mkadiriaji hasara atataka hesabu za miaka iliyopita ili aone mwezi kama huo uliingiza kiasi gani. Hapo ndipo mashine ya EFD, taarifa za benki na ritani za TRA zinapokutetea, au kukuangusha kama uliandika mauzo madogo kuliko yaliyopo. Peleka madai yako yakiwa na hesabu ya faida iliyokosekana siku kwa siku, orodha ya safari zilizofutwa na barua za waliofuta, na invoisi za kila fundi.

Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi na kifungu kilichotumika. Dalali wako ajibu kwanza. Isipotatuliwa, yapo malalamiko TIRA na ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambayo mwananchi anaweza kuifikia bila kuanzia mahakamani.

Mkataba ni wa mwaka mmoja, na katikati ya mwaka mambo hubadilika: mmefungua tawi Karatu, mmeanza kupokea kadi, mmehamia mfumo mpya. Mwandikie dalali kila badiliko linapotokea. Na tarehe ya kuanza mkataba iwekeni Aprili au Mei. Ofisi ina utulivu, fundi anapatikana, watu watatu wanaweza kukaa asubuhi nzima na fomu. Mkataba unaoisha katikati ya Agosti hujazwa upya na mtu mmoja, amesimama, gari la wageni likiwa limewashwa nje.